Chungu Kinachosema Tik

Mama anayejua vyungu haanzi kwa kutazama rangi. Anakiinua chungu, anakikalisha juu ya kiganja, kisha anakigonga kwa kifundo cha kidole. Ko! Anasikiliza. Chungu kizima huitika kwa sauti inayolia na kubaki hewani kidogo. Chungu chenye ufa huitika kwa sauti butu, fupi, iliyokufa kabla haijazaliwa vizuri. Muuzaji anaweza kuapa kwa miungu yote kwamba mali yake haina kasoro. Mama keshakirudisha chini na mkono wake uko kwenye chungu kingine.

Gonga. Sikiliza.

“Mjomba, kwa nini chungu chenye ufa hakilii vizuri?”

Ahsante, mpwa wangu! Watu wazima wengi hawajawahi kuliuliza swali hilo. Wanagonga tu kwa mazoea. Ni hivi: ukikigonga chungu, udongo wake wote hutetemeka pamoja. Mtetemo unazunguka ukuta wa chungu, unarudi ulikotoka, unazunguka tena. Ndiyo sauti unayoisikia ikilia. Sasa ukiwapo ufa, mtetemo unafika pale na kukwama. Midomo miwili ya ufa inasuguana, nguvu ya mtetemo inaishia hapo hapo, na sauti inakufa.

Leo nataka niwasimulie juu ya mafundi wanaosikiliza chungu cha ajabu. Chungu chao kinakaa ndani ya injini ya ndege, na moto wake si wa kuni.

“Ndani ya ndege kuna chungu?”

Hakuna cha kupikia maharage, hapana! Sikilizeni. Air Tanzania ina ndege aina ya Boeing 737 MAX. Chini ya kila bawa la ndege hiyo kuna injini iitwayo LEAP. Wanaoitengeneza ni CFM International, kampuni ya pamoja ya GE ya Marekani na Safran ya Ufaransa. Injini za LEAP zilianza kubeba abiria mwaka 2016. Ndani yake hewa huvutwa kutoka mbele, ikakandamizwa sana, ikanyunyiziwa mafuta, ikawashwa. Gesi ya moto inatoka mbio na kuzungusha mapanga ya turbini. Kuyazunguka mapanga hayo ipo pete, karibu kabisa na ncha zake, ili gesi isipite pembeni bila kufanya kazi. Pete hiyo imeundwa kwa vipande vilivyopangwa duara.

Vipande hivyo si vya chuma. Ni vya kauri. Ni ndugu wa chungu.

“Kwa nini wasitumie chuma, mjomba? Chuma kina nguvu!”

Kina nguvu, lakini kinaogopa moto. Vyuma bora vya injini huchanganywa na nikeli nyingi, na huanza kuyeyuka kwenye digrii 1,300 hivi za Selsiasi. Gesi inayotoka motoni ina joto kali kuliko hapo. Kwa hiyo chuma lazima kipozwe kwa hewa inayopitishwa kwenye matundu madogo madogo, na hewa hiyo injini imetumia nguvu nyingi kuikandamiza. Ni hasara. Kauri haihitaji kubembelezwa kiasi hicho. Kauri ya injini inakaa kwenye digrii zipatazo 1,300 na kufanya kazi, na uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma kile. Mfinyanzi hashangai akisikia hivyo. Chungu kimezaliwa motoni, kitauogopaje moto?

“Lakini mjomba, chungu kikianguka kinavunjika!”

Haya! Nani amesema hayo? Wewe? Njoo nikupe mkono. Umegusa penyewe. Kwa miaka mingi wahandisi waliitamani kauri kwa ajili ya injini, na kila mara walirudi kwenye neno hilo hilo: inavunjika. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, kikakupa habari. Kauri haipindi. Inakaa, inakaa, halafu pwa! Vigae.

Basi walifanyaje? Hapo inabidi tumwite mwenyewe atusimulie.

Paukwa!

Pakawa!

Alikuwako Ufa. “Mimi ni Ufa,” akasema, kwa sauti nyembamba. “Nilizaliwa ukingoni mwa chungu, siku kilipojigonga kwenye figa. Nilikuwa mdogo, hata mwenye chungu hakuniona. Nikasukuma mbele kidogo. Hakuna aliyenizuia. Nikaenda, nikaenda, nikaenda. Na kadiri nilivyorefuka, ndivyo nilivyopata nguvu, kwa sababu kila mzigo wa chungu ulikuja kujikusanya kwenye ncha yangu. Siku moja wakakijaza mchuzi, wakakiinjika. Pwa! Mchuzi ukazima moto.”

Ufa akacheka sana. Akaenda kutafuta kauri nyingine. Akazaliwa ndani ya pete ya injini.

“Nikaanza kazi yangu,” akasema. “Nikaenda, nikaenda, nikaenda. Mara nikakutana na Uzi.”

“Hodi hupigi?” akauliza Uzi.

“Mimi sipigi hodi,” akasema Ufa. “Mimi napasua.”

“Pasua basi,” akasema Uzi.

Ufa akasukuma. Lakini Uzi alikuwa amevaa koti, koti jembamba na laini. Ufa alipoligusa, koti likateleza. Ncha ya Ufa ikageuka pembeni. Akajikuta anafuata koti badala ya kumkata Uzi, na nguvu zikamwishia njiani. Akatazama nyuma. Uzi yuko mzima, amevuka kutoka ng'ambo moja ya ufa hadi ya pili, amezishika pande zote mbili zisiachane. Na karibu yake uzi mwingine, na mwingine, na mwingine. Maelfu.

“Siku hiyo,” akasema Ufa, “sikupasua kitu.”

“Mjomba, huo uzi ni uzi wa kushonea?”

Ungeungua mara moja, mpenzi wangu! Mmewahi kuona msasa mweusi anaotumia fundi kulainisha bodi ya gari kabla ya kupiga rangi? Zile punje nyeusi zinazong'aa huitwa kabaidi ya silikoni. Ni ngumu mno, na moto haziujali. Uzi wetu umetengenezwa kwa kitu hicho hicho. Lakini utaisokotaje punje ya msasa iwe uzi? Mwaka 1975 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Tohoku huko Japani, Seishi Yajima, alionyesha njia. Alianza na kitu laini mfano wa plastiki chenye silikoni na kaboni ndani yake. Akakivuta kikiwa laini mpaka kikawa uzi. Kisha akauchoma. Moto ukaondoa vilivyobaki, ukaacha kabaidi ya silikoni. Mfinyanzi naye hufanya hivyo: anafinyanga kikiwa laini, moto unamaliza.

Uzi mmoja una unene wa maikromita 14 hivi. Ukizipanga nyuzi tano kando kwa kando, utapata unene wa unywele mmoja wa kichwani mwako. Koti lake hutengenezwa kwa nitridi ya boroni, na mara nyingi halifiki hata maikromita moja. Baada ya nyuzi kuvikwa makoti, hupangwa matabaka, kisha nafasi zilizobaki hujazwa kabaidi ya silikoni nyingine. Njia mojawapo ni kuiyeyusha silikoni na kuiacha inywewe na vinyweleo. Ikikutana na kaboni iliyomo ndani, inageuka kabaidi papo hapo. Kwa hiyo mwili wa kauri ni kabaidi ya silikoni, na nyuzi pia ni kabaidi ya silikoni. Ajabu yake ni kwamba siri yote iko kwenye lile koti dhaifu. Bila koti, Ufa angepita moja kwa moja, akate nyuzi na mwili pamoja, tuwe tumerudi kwenye chungu cha mchuzi.

“Kwa hiyo kauri hii inaweza kuwa na nyufa na bado ikawa nzima?”

Ee! Tulieni hapo, maana hapo ndipo penye utamu. Wahandisi hujitahidi mzigo wa kila siku usifike pa kuzaa nyufa. Hata hivyo, kauri hii inaweza kupata ufa mmoja, wa pili, wa kumi, na bado nyuzi zikabeba mzigo. Chungu cha bibi ni kizima au kimepasuka, basi, hakuna katikati. Chungu cha ndege kina katikati ndefu sana. Sasa kumwambia fundi “kuna ufa” ni kumpa habari nusu. Fundi anataka kujua: ni ufa wa nani? Umekata mwili tu, au umeanza kula nyuzi? Umesimama, au unaenda, unaenda, unaenda?

Na yuko mgeni mwingine anayepita mlango ulioachwa na Ufa. Jina lake Oksijeni. Oksijeni akiingia kwenye ufa wakati kauri ina moto, analikuta koti la Uzi, anaanza kulila. Mahali pa koti panabaki kioo kinachoyeyuka na kuganda, na kioo hicho kinagandisha nyuzi pamoja na mwili. Koti limekwisha, utelezi umekwisha. Ufa akija tena, Uzi hana la kumfanya.

Mngedhani joto likizidi ndipo Oksijeni anapozidi kuharibu. Sivyo daima! Joto likiwa kali sana, kabaidi yenyewe inaota ganda la kioo upesi, na ganda hilo linaweza kuuziba mdomo wa ufa kabla Oksijeni hajafika mbali. Joto la katikati, karibu digrii 800, ndilo baya: linatosha kulila koti, halitoshi kuuziba mlango. Kwa hiyo fundi hawezi kusema “leo moto ni mdogo, leo nitalala.”

“Basi wagonge wasikilize!”

Wanasikiliza kweli, lakini hawagongi. Wanangoja kauri iseme yenyewe.

Mwaka 1950, huko Munich, Ujerumani, mwanafunzi aitwaye Joseph Kaiser aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu sauti zinazotolewa na vyuma vinapovutwa. Kila kitu kinapopasuka ndani kwa ndani, hata kidogo sana, hutoa mlio. Tik. Sikio lako halitausikia. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. Tik za ndani ya kauri husikilizwa kuanzia 100,000 hivi hadi karibu milioni moja. Lakini kuna fuwele ambazo zikitikiswa hutoa umeme kidogo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha hilo mwaka 1880. Bandika kipande chake kwenye kauri, unganisha waya, na una sikio linalosikia tik.

Kaiser aligundua jambo lingine, na mimi hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Tuseme umekivuta kipande kwa mzigo wa kilo 50. Kikasema tik, tik, tik. Ukaushusha mzigo. Kesho ukavuta tena: kilo 10, kimya. Kilo 30, kimya. Kilo 49, kimya! Ukipita 50 tu, tik. Kile kipande kinakumbuka mzigo mkubwa kuliko yote kilioubeba, na hakilalamiki tena mpaka uuvuke.

“Mjomba, na kama kimeumia sana?”

Lo! Umejuaje kuuliza hivyo? Kauri yenye nyuzi ikiumia sana, kumbukumbu hiyo inaharibika. Jana ulifika 50. Leo inaanza kusema tik kwenye 45. Siku nyingine kwenye 40. Inalalamika kabla ya wakati wake. Hapo fundi anaandika kwenye daftari lake na kuacha kutabasamu.

Akiweka masikio mawili, moja kila mwisho wa kipande, anajua pia tik imetoka wapi. Sikio lililosikia kwanza ndilo lililo karibu. Sauti ndani ya kauri hii inakimbia zaidi ya kilomita 5 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya masikio mawili ni ndogo mno, lakini kompyuta inaipima. Na nyufa zikiongezeka, mwendo wenyewe wa sauti unapungua, kwa kuwa kauri imelegea. Watafiti wa kituo cha NASA Glenn, Cleveland, wamefanya kazi nyingi ya namna hii.

Je, kila tik ina jina? Mwili ukipasuka, tik huwa kubwa. Uzi mmoja ukikatika, tik huwa ndogo. Lakini tik kubwa iliyotoka mbali hufika imechoka, inafanana na tik ndogo iliyotoka jirani. Mimi nikisikia mtu anadai kwamba anajua kila tik imetoka kwa nani, humtazama mara mbili.

“Masikio yenyewe hayaungui?”

Yanaungua! Fuwele za kawaida za masikio hayo hupoteza uwezo kabla hata ya kufika digrii 400. Kwa hiyo kwenye maabara wanafanya ujanja. Katikati ya kipande huwekwa ndani ya tanuri, na ncha zake mbili zikaachwa nje, kwenye baridi. Masikio yanakaa nje. Au wanaunganisha fimbo nyembamba iliyoshika kipande upande mmoja na sikio upande wa pili; tik inatembea juu ya fimbo mpaka nje. Mpishi hatii kidole ndani ya chungu kinachochemka, anatumia mwiko.

Macho nayo yana taabu yake. Kitu chenye digrii 1,300 kinawaka chenyewe. Ukikielekezea kamera, unaona mng'ao mtupu. Lakini mng'ao wa moto una wekundu mwingi na ubuluu kidogo. Basi mafundi wanakimulika kwa taa ya buluu, wanaivalisha kamera kioo kinachopitisha buluu peke yake, na mng'ao unatoweka. Kauri inaonekana baridi, na madoa waliyoyapaka juu yake yanaonekana yakisogea mahali Ufa anapofunguka.

Njia nyingine ni kupitisha umeme. Kauri yenye silikoni ndani hupitisha umeme. Ufa ukikata njia, umeme unapita kwa shida zaidi, na mita inaonyesha. Ni njia rahisi, haina mbwembwe. Shida yake ni kwamba joto peke yake nalo hubadilisha kipimo, kwa hiyo lazima kwanza ujue ni joto linalosema au ni ufa.

Sasa kaeni karibu, maana jambo linalofuata lina huzuni.

Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga kiitwacho Columbia kiliruka kutoka Florida, Marekani, kikiwa na wanaanga saba. Ukingo wa mbele wa mabawa yake ulifunikwa kwa ndugu wa kauri yetu: nyuzi za kaboni ndani ya mwili wa kaboni, na ngozi ya juu iliyogeuzwa kabaidi ya silikoni. Kazi yake ilikuwa kuvumilia joto la digrii zaidi ya 1,600 wakati chombo kinarudi duniani. Sekunde 82 baada ya kuruka, kipande cha povu kutoka kwenye tangi la mafuta kilibanduka na kulipiga bawa la kushoto. Povu jepesi! Halikufika hata kilo moja. Lakini chombo kilikuwa kinakwenda kasi kubwa mno.

“Hawakusikia ko?”

Kamera za ardhini ziliona povu likipiga. Ndani ya bawa hakikuwapo kitu cha kumwambia fundi kama kauri imetoboka. Tarehe 1 Februari, Columbia ilipokuwa inarudi, hewa ya moto iliingia kupitia tundu, na chombo kikasambaratika. Wote saba walikufa. Baadaye, huko Texas, wachunguzi walirusha povu la aina ile ile kwenye kipande cha bawa. Likatoboa shimo la upana wa sentimita 40 hivi. Tume ya uchunguzi ilisema wazi kwamba njia za ukaguzi zilizotumika hazikutosha kuijua hali ya kauri ile.

Chombo cha Discovery kiliporuka Julai 2005, mabawa yake yalikuwa yamewekwa vihisi ndani, vya kuhisi kila pigo. Kilibeba mkono mrefu wenye leza na kamera wa kujikagua huko huko angani. Na kabla ya kufika kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kilipinduka tumbo juu, taratibu, ili wanaanga waliokuwa kituoni wakipige picha. Huko ardhini nako mafundi walianza kuimulika kauri ya mabawa kwa mwako mkali wa taa, halafu kuitazama kwa kamera inayoona joto. Mahali penye afya, joto hupenya ndani upesi. Mahali ambapo matabaka yameachana, joto halina pa kwenda, linabaki juu, na kamera inaona doa la moto.

“Mjomba, hakuna njia ya kumwona Ufa mwenyewe akiwa motoni?”

Ipo! Nilikuwa naisubiri hiyo. Huko Berkeley, California, juu ya kilima, kuna mashine kubwa ya duara iitwayo Advanced Light Source. Ndani yake elektroni huzungushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na zinapopindishwa njia hutoa miale mikali ya eksirei. Profesa Robert Ritchie na wenzake walitengeneza tanuri dogo la kuwekwa mbele ya miale hiyo. Tanuri halina mkaa wala gesi. Lina taa sita za halojeni zilizozunguka kipande, na vioo vya kuukusanya mwanga wote katikati. Kipande chenyewe ni kidogo sana, unene wake ni wa milimita tu. Taa zinawashwa. Joto linapanda, linapita digrii 1,600. Kipande kinavutwa, huku kinageuzwa polepole, na eksirei inakipiga picha kutoka kila upande. Kompyuta inazikusanya picha hizo na kujenga umbo zima, la ndani na la nje.

Mwishoni mwa 2012 walitangaza walichokiona. Walimwona Ufa akifunguka ndani ya mwili wa kauri. Waliziona nyuzi zikikatika, moja hapa, moja pale, ndani ya moto ambao ungeyeyusha chuma cha injini. Siyo baada ya kupoa na kukatwa kwa msumeno! Motoni, mzigo ukiwa juu yake.

“Sasa masikio ya nini tena?”

Kwa sababu huwezi kuifunga Berkeley chini ya bawa la ndege. Macho ya eksirei yanaona kipande kidogo, na mashine ni kubwa kuliko ndege. Lakini watafiti wanaweza kuviunganisha viwili hivyo: sikio linasikia tik, eksirei inaonyesha ni nani aliyeisema. Ukijifunza hivyo maabara, huko nje utasikiliza kwa akili zaidi.

“Je, injini ikiwa angani, kuna anayeisikiliza pete?”

Kwa sasa kazi kubwa inafanyika ndege ikiwa chini. Fundi anaingiza kamera nyembamba yenye shingo inayopinda kupitia tundu la injini, anayazungusha mapanga polepole, anaikagua pete kipande kwa kipande. Kumsikiliza Ufa safarini kuna matatizo yake. Mngurumo mwingi wa injini ni mzito, uko chini, na tik iko juu sana. Hilo unaweza kulichuja. Lakini gesi inayokimbia nayo ina milio yake ya juu, na vyuma vinavyosuguana pia. Halafu sikio linataka kukaa karibu na moto.

“Watafute fuwele isiyoogopa moto!”

Wanazo, mpwa wangu. Kuna fuwele iitwayo langasaiti. Haipotezi uwezo wake wa kugeuza mtikisiko kuwa umeme mpaka inakaribia kuyeyuka, na inayeyuka kwenye digrii 1,470 hivi. Lakini umeme wa fuwele lazima uchukuliwe na kitu, na kitu hicho ni utando mwembamba wa platini unaopakwa juu yake. Joto likizidi, ule utando wa platini huanza kujikusanya matone matone, ukaachana, umeme ukakosa njia. Wanajaribu kuuchanganya na rodi na zirkonia ili utulie.

“Sasa, mjomba, huo utando nao nani atausikiliza?”